Sikusema Amekufa

Wiyoni, Amu,
mwezi wa mvua kubwa.

Mdogo wangu Barasa,

Salamu zangu zikukute ukiwa mzima, na zimkute Mama ameketi juani, si kitandani. Goti lake linaendeleaje? Bado analipaka yale mafuta aliyouziwa na yule mchuuzi mwongo wa sokoni? Na ng'ombe mweupe, amezaa au anaendelea kutuchezea? Mimi mwili wangu ni mzima. Moyo usiniulize kwanza, nitafika huko mwenyewe.

Barua yako niliipata tangu Pasaka. Najua umekuwa ukienda posta kuulizia jibu mpaka karani amekuchoka. Nilinyamaza kwa sababu kila nikishika kalamu matusi yalitaka kutangulia salamu, na mimi ni mwalimu, sikulelewa hivyo. Sasa nimepoa kidogo. Ninasema kidogo.

Uliniandikia kwamba wazee wa ukoo wamekataa kupeleka ng'ombe wa mahari kwa kina Rosa, kwa sababu boma letu lina mtu ambaye hajalazwa, na boma la namna hiyo haliingizwi bibi arusi. Wanataka tumzike Baba. Na kwa kuwa Baba mwenyewe hatunaye, alikwenda vitani Burma na Burma ikammeza, wanataka mila ifuatwe: likatwe shina la mgomba, lifungwe kwa blanketi kama mtu, lililiwe, lizikwe kando ya nyumba, mambo yaishe. Mama amesema hatakubali mpaka mimi nikubali. Halafu wewe, kwa ujeuri wako wa kitinda mimba, ukamalizia hivi: "Dada, mimi sina baba wa kumngoja. Nina Rosa wa kumwoa."

Barasa, nilikuchukia. Nilikunja barua nikaitupa chini ya kitanda. Wewe ulikuwa tumboni Baba alipoondoka. Hukubebwa mabegani mwake, hukusikia harufu ya tumbaku yake, hukumwona akicheka mpaka anashika mbavu. Leo unataka kumfunga kwenye blanketi kama mzigo ili upate nafasi ya kujenga nyumba! Nilisema moyoni, huyu asiyemjua ndiye mwenye haraka ya kumzika. Nilikaa na maneno hayo miezi yote hii, yakiniwasha.

Sasa nisikilize nikueleze yaliyonipata huku, na mwisho nitakujibu. Usiruke kurasa kutafuta jibu, nakujua.

Huku kisiwani ninakofundisha si mahali pabaya kwa aliyezaliwa hapa. Kwangu mimi ni joto, visima vya maji ya chumvi, na punda wanaolia kama wameonewa. Kiswahili changu cha shule, kile mlichokuwa mkikisifia kijijini, hapa wanakicheka waziwazi. Wao wakisema nti wanasema nchi, ndia ndiyo njia, mato ndiyo macho, mai ndiyo maji, kuya ndiyo kuja, na ufile ndiyo amekufa. Nimezoea. Nisichozoea ni kuitwa mtu wa bara kila nikikohoa. Siku moja kisimani mwanamke mmoja aliniuliza, "Askari wenu watamaliza lini kazi yao?" Askari wenu! Utadhani niliwazaa mimi.

Alikuwa na haki ya kuuliza, lakini. Ng'ambo ya maji, upande wa nchi kavu ambako watu hawa wana mashamba yao, kuna vita. Mashifta, wale waasi wenye bunduki, huingia vijijini wakachoma nyumba na kuchukua watu, askari nao huja nyuma yao wakimshuku kila wanayemkuta. Mkulima akiponea huku ananaswa kule. Basi watu wamekimbia, wakavuka na kuku wao na vinu vyao, wakaja kujibana hapa Wiyoni kwa ndugu na jamaa. Ndovu wawili wakipigana ziumiazo ni nyika, tulifundishwa shuleni, nami nimewafundisha wengine, lakini sikuwahi kukaa nyumba moja na nyika zenyewe.

Nyumba ninayoishi ni ya Bi Rukia, mjane anayechoma mikate ya mofa katika tanuri la udongo uani na kuiuza. Mimi nina chumba cha juu. Vyumba vya chini vimejaa wakimbizi, na miongoni mwao kuna Bi Mwanaesha, mama mtu mzima, mkavu, msusi wa mikeka, mikono yake haitulii hata akiomba dua. Amekuja na mkaza mwanawe, Zaina, na mtoto wa Zaina ambaye bado ananyonya. Mwanawe wa kiume, Lali, hakuja naye.

Walipokimbia, mtama ulikuwa umekaribia kuiva. Baada ya muda Lali alirudi shambani na wenzake wawili kuokoa walichoweza, maana njaa ilikuwa imeanza kuuma. Wale wenzake walirejea mikono mitupu. Walisema walisikia bunduki, wakakimbia, na walipogeuka Lali hakuwa nyuma yao. Nani alipiga, shifta au askari, hawakujua. Mwili haukuonekana, na hapana aliyethubutu kwenda kuutafuta. Zaina alikuwa mjamzito. Yule mtoto hajawahi kuonwa na babake.

Kitu pekee alichovuka nacho Bi Mwanaesha, ukiacha ukili wake wa kusukia mikeka, ni kitanda cha kamba cha Lali. Kimesimama katika chumba chao kimetandikwa vizuri na hakuna ruhusa ya mtu kukikalia. Watu wanalala sakafuni wamepangana kama samaki kikapuni, na kitanda kitupu kiko juu yao. Kila Ijumaa Bi Mwanaesha hukung'uta shuka yake na kuitandika upya.

Mjomba wake Lali, Bwana Kombo, mtu mpole mwenye kikohozi, alikuja kumsihi dada yake akubali kijana asomewe hitma, yaani Kurani isomwe kwa ajili yake kama marehemu, ili hatimaye na Zaina ajulikane yuko wapi, mke au mjane. Bi Mwanaesha hakumpa hata maji.

"Nabii Yaakubu," alimwambia, "alipoambiwa mwanawe kaliwa na mbwa mwitu, aliamini? Hakuamini! Mato yake yaliingia weupe kwa kulia, na Yusufu akaya. Na wangu hayafa mpaka nimuone kwa mato haya."

Unajua, Barasa, katika Biblia yetu Yakobo aliamini, akararua nguo zake. Katika kisa chao hakuamini hata siku moja. Niliposikia hivyo nikasema, dini hii kwa hili imeishinda yangu. Nilikuwa nimesimama ngazini, nikamwambia kwa sauti, "Umesema kweli, Bi Mwanaesha." Nikajiona nimepata mwenzangu. Zaina alikuwa pembeni akinyonyesha, hakuinua uso, akasema taratibu, "Nabii Yaakubu alikuwa babake. Hakuwa mkewe." Mimi niliona hana adabu.

Basi ndipo likaja suala la kitabu. Katika kabati la shule, chini ya ramani zilizoliwa na mchwa, nilikuta riwaya ya Kiingereza. Jalada lake na kurasa za mwanzo zilikuwa zimeng'oka, kwa hiyo jina lake silijui wala la aliyeiandika. Inahusu vita katika nchi moja ya baridi, na mwanamke anaitwa Hana ambaye wanawe wawili wamechukuliwa jeshini. Mdogo anarudi kipofu. Mkubwa, Mikeli, harudi. Ndiyo hadithi yenyewe hiyo. Hakuna majemadari wala bendera, kuna viazi, kuni, na foleni ya mkate. Nilianza kuisoma ili nisiote nyumbani, nikajikuta nimekaa katikati ya nyumbani.

Bi Rukia aliniona nikilia juu ya kitabu akataka kujua nani kafa. Nikamweleza. Akasema nisimlilie peke yangu, nishuke niwasomee na wao. Basi ikawa desturi: baada ya sala ya alasiri, moto wa tanuri ukishatulia, wanawake wanakaa uani na ukili wao, nami nasoma Kizungu kimoyomoyo nikikitoa Kiswahili kwa mdomo. Hana wakamwita Bi Hana. Kazi ilikuwa theluji. Niliwaambia ni kama sufi za mtini zikianguka kutoka mbinguni mchana kutwa, lakini baridi. Bi Rukia akauliza kwa nini basi watu wa nchi ile hawazikusanyi wakatia mito. Tulicheka sana siku ile, hata Zaina.

Halafu tukafika pale jirani yake Bi Hana anapoletewa habari kwamba mwanawe, kijana Tomasi, ameuawa. Niliwasomea nikafunga kitabu. Kesho yake niliposhuka sikuona ukili. Bi Mwanaesha alikuwa ametandika mkeka, amefukiza ubani, na sahani ya mikate iko katikati. Wanawake wamejifunika wameketi kimya. Nikauliza kuna nini.

"Tunahani," alisema Bi Mwanaesha. "Mama Tomasi kafiwa. Mtasoma mbele kabla ya kumpa pole?"

Bi Rukia alishika kiuno. "Kafiri! Tena kafiri wa kitabuni!"

"Ana mama," alisema Bi Mwanaesha.

Basi tukakaa matanga ya mtu ambaye hakuzaliwa. Nilikula mkate wa matanga ya Tomasi, Barasa. Baadaye Bi Rukia, ambaye ulimi wake hauna kizuizi, alimwambia mwenzake mbele yetu sote, "Ya watu wayalia, yako huyataki." Nilidhani watapigana. Bi Mwanaesha alikwenda kuchukua ukili wake akaanza kusuka.

Mimi nilikuwa nimeshasoma mwisho. Sikuweza kusubiri, na nilipoufikia nilikikasirikia kitabu, nikamkasirikia na mwandishi. Nilitaka Mikeli arudi. Kama harudi, basi mtu aje aseme amelala wapi, chini ya mti gani. Mwandishi hakutupa hata moja. Nilisema, hata wewe umekuwa kama serikali. Kwa maana sisi nasi, nani alikuja kutuambia? Walimchukua Baba kwa ngoma na tarumbeta, na waliporudi hawakuleta hata kofia. Tukapata Uhuru, bendera ikashushwa nyingine ikapandishwa, nikaimba na watoto wangu wa shule mpaka sauti ikakauka, na bado hakuna aliyebisha hodi kwa Mama kumwambia, mumeo tulimwacha mahali fulani.

Bi Rukia alipanda kunifuata chumbani, akafunga mlango nyuma yake, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Mwalimu, yule kiyana wa Bi Hana, mwisho wake huya?"

Nikamwambia haji.

"Na kama hayi, mtie wewe aye. Si Kizungu kile? Nani atayua?"

"Nitakuwa nimewadanganya, Bi Rukia."

"Dunia nzima imemdanganya mwanamke yule. Wewe ukimdanganya mara moya tu, tena kwa wema, kuna nini?"

Kwa kweli nilikubaliana naye. Nilishuka ngazi nikiwa na maneno yangu tayari: mlango unagongwa, Bi Hana anafungua, ni Mikeli, amekonda lakini ni yeye. Niliyapanga vizuri kuliko mwandishi. Wanawake walikuwa wameshaketi. Bi Mwanaesha alikuwa ameweka ukili chini, mikono mapajani, na sikuwahi kuiona mikono ile imetulia. Nikafungua kitabu. Nikamwangalia Zaina, amempakata mtoto, ananitazama mdomoni. Nikafahamu kwamba nikimrudisha Mikeli jioni ile, kile kitanda kitatandikwa Ijumaa zote mpaka yule msichana awe mkongwe. Nikasoma kilichoandikwa.

Nacho ni hiki. Nyuma ya mlango wa Bi Hana, kitabu kizima, linaning'inia koti la Mikeli, zito, la manyoya. Hakuna anayeligusa. Mke wa Mikeli anakwenda kuvuna viazi katika baridi akiwa na shali iliyotoboka, na koti liko ukutani. Siku ya mwisho mke anajiandaa kutoka, Bi Hana anainuka, analitungua koti, anamvika. Kipofu anauliza, "Mama, umekubali kwamba amekufa?" Bi Hana anajibu, "Sikusema amekufa. Nimesema nje kuna baridi." Halafu anachukua jembe naye anakwenda viazini. Basi. Hapo kitabu kimekwisha.

Nikafunga kitabu.

"Na Mikeli hakuya?" aliuliza Bi Mwanaesha.

"Kitabu hakikusema."

"Hakikusema ufile?"

"Hakikusema kwamba amekufa."

Akafikiri. "Mwenye kuandika kitabu hiki ana adabu," akasema. "Hakumzika mtu asiyemuona. Wala hakumteza shere mama wa watu." Akaokota ukili wake. Bi Rukia alinitazama kwa jicho baya akaenda kufunika tanuri.

Nilidhani yameishia hapo. Mvua ikaja, ile mvua ya hapa isiyojua kubisha hodi, ikanyesha mfululizo, na maji yakaanza kuingia vyumba vya chini. Asubuhi moja nilisikia mtoto wa Zaina akikohoa, nikashuka kuona. Sakafu ilikuwa imelowa, mikeka imelowa, watu wamesimama wamekumbatia matandiko yao, na katikati kitanda cha Lali kikavu, kimetandikwa. Bi Mwanaesha alikuwa amekishika kwa mkono mmoja.

"Zaina," akasema, "panda na mwanao."

Zaina hakusogea. Nadhani aliogopa.

"Panda, nakwambia!"

Akapanda. Bi Rukia, ambaye Mungu hakumjalia kunyamaza, akauliza, "Umekubali basi?"

"Sikusema ufile," alijibu Bi Mwanaesha. "Nimesema tini kuna mai."

Zaina alilala ubavu akaugeuzia ukuta uso wake, akalia bila sauti, mabega tu yakienda. Usifikiri nakuletea hadithi tamu. Kitanda si talaka wala si ujane. Bado hajui yeye ni nani. Lakini wiki ile ile Bwana Kombo alipokuja tena na kikohozi chake, dada yake alimpa maji, na alipomaliza kunywa akamwambia, "Msomeeni. Akiwa yu hai, Kuruani haimuui." Wakasoma hitma Ijumaa iliyofuata. Yeye mwenyewe aliketi mlangoni, si ndani si nje, akisuka. Kila wasomaji walipomtaja Lali kwa jina la marehemu, yeye alisema kwa sauti, "Inshallah mzima." Nao waliendelea kusoma, naye aliendelea kusema.

Nilipanda juu nikalia, Barasa, wala sikumlilia Lali. Siku ile ya maji nilikuwa nimemtazama yule mtoto juu ya kitanda cha babake, ananyoosha vidole vya miguu, hana habari na mtu. Nikajiuliza, huyu akikua, akataka kuoa, dada mtu atamwandikia nini? Atamwambia, kaa sakafuni, kitanda kina mwenyewe? Ndipo nilipokuona wewe. Umekaa sakafuni maisha yako yote na mimi ndiye niliyekuwa nimekalia ukingo wa kitanda, nawafukuza watu.

Sasa nikwambie la mgomba, ambalo Mama analijua na wewe huenda hukulielewa. Ile wiki ya kuondoka Baba alichimba shimo nyuma ya jiko. Mimi nilishika chipukizi, yeye akashindilia udongo kwa kisigino. Akasema, "Nasimiyu, mtu asiukate huu. Mkungu wake nitakuja kuula mwenyewe." Mkungu wa kwanza ulipoiva Mama alikataa usiguswe, na ndege wakaula wote huku tukitazama, na mwaka ule tulikuwa na njaa. Mimi nilishika fimbo nikiwafukuza mbuzi. Ndiyo maana mlipotaja mgomba niliona kana kwamba mmenitaja kwa makusudi.

Lakini mgomba ukishazaa hufa. Nawafundisha watoto jambo hilo darasani, nikichora kwa chaki ya kijani, na sijawahi kulisema nyumbani. Ule alioupanda Baba ulioza tangu wewe ungali unatambaa. Hii tunayoilinda kwa fimbo ni wajukuu wa wajukuu zake, na imekua bila kutuuliza.

Matumaini niliyoyajua mimi yalikuwa ya kukaa mlangoni na fimbo. Ya Bi Hana yalikuwa ya kwenda kuvuna viazi. Sikujua kama na hayo yanaitwa matumaini, na mpaka leo hayanifurahishi sana. Lakini watoto hushiba viazi.

Basi jibu langu ni hili. Kateni mmoja katika ile ya nyuma ya jiko, mkubwa, uliokwisha zaa. Machipukizi msiyaguse. Mfungeni kwa lile blanketi la kijivu la Baba ambalo Mama hulificha sandukuni. Akikataa kulitoa msimlazimishe, tumieni langu. Mlilieni mpaka kuche, kama inavyotakiwa. Ila asisimame mzee yeyote akasema alikufa kishujaa. Hatujui. Aseme aliitwa, akaenda, hakurudi. Na shimo lichimbwe pale ambapo Mama anaweza kuliona akiwa anapika, asije akawa anatafuta tena. Mimi sitakuja, safari ni ndefu na mvua imeharibu barabara, na nikisema kweli kabisa nashukuru mvua.

Nisalimie shangazi mwenye duka, umwambie dawa ya meno aliyonipa ilinimaliza meno. Nisalimie mzee wa kanisa, na mama mkunga aliyekupokea wewe, na Rosa, ambaye simjui lakini anaonekana ana subira kupita kiasi. Mkungu mkubwa utakaoiva baada ya matanga upelekwe kwao, uliwe wote, ndege wasipate hata ndizi moja. Bi Rukia na Bi Mwanaesha wanakusalimu. Wamekuombea dua ya ndoa, tena kwa kelele.

Barua hii utamsomea Mama ukiifasiri kwa lugha yetu, na nakujua, utataka kulainisha maneno. Usilainishe, msomee kama nilivyoandika. Akikuuliza kama na mimi nimekubali kwamba amekufa, mwambie sikusema amekufa. Nimesema wewe unataka kuoa.

Ni mimi dada yako,
Nasimiyu